File Browser ndani ya Docker: nimeiweka kwenye steshenari ya shangazi, haya ndo niliyoyaona

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sio simu wala spika, leo nachambua programu, inaitwa File Browser, na kazi yake ni moja tu, unaiweka kwenye seva yako, mtu anafungua linki kwenye brauza, anaingia kwa jina na pasiwedi, anapakia faili lake, basi. Nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili kwenye kazi ya kweli, kwahiyo haya nayowaambia nimeyaona kwa macho.

Kazi yenyewe ni hii. Shangazi yangu ana steshenari Morogoro, jirani na chuo, na kama umewahi kuprinti kazi yako kwenye steshenari za vyuoni unaijua ile hali. Huyu kaja na flashi imejaa virusi, yule anasema nimekurushia WhatsApp, mwingine anaomba afungue email yake kwenye kompyuta ya duka afu anaondoka kaiacha wazi. Picha za pasipoti zinafika zimeshabanwa na WhatsApp, ukiprinti uso una ukungu, mteja analalamika na ana haki. Ila kilichoniuma zaidi ni simu ya shangazi, simu yake binafsi kabisa, imejaa vyeti vya watu, CV, nakala za vitambulisho vya NIDA, watu hata hawajui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na nakala ya kitambulisho cha mtu ni taarifa binafsi bila ubishi, haifai kukaa kwenye simu ambayo wajukuu wanachezea gemu.

Najua kuna watu wataniuliza kwanini sio Nextcloud. Nextcloud naipenda, nayo ni programu ya kuhifadhi faili kwenye seva yako, ipo tangu 2016, ina kalenda, ina namba za simu, ina kila kitu, lakini ndo shida hapo hapo, ina kila kitu. Ukiitaka iende vizuri unaiwekea na database (hifadhi ya taarifa zake) pembeni, na kila toleo jipya likija una kazi ya kufanya. Duka la kuprinti linataka mlango wa kupokelea faili, halitaki ofisi nzima. File Browser imeandikwa kwa lugha ya Go, ni programu moja, database yake ni faili moja, kwenye VPS yangu (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM 1GB hata haisikiki kama ipo. Na nimetumia VPS badala ya kompyuta ya dukani kwasababu laini nyingi za intaneti huku hazikupi IP ya kwako peke yako, mtu wa nje hawezi kukufikia hivihivi, na umeme ukikatika duka zima linazima.

Sasa twende kwenye kuiweka. Docker (programu inayoendesha programu nyingine, kila moja ndani ya boksi lake, boksi hilo ndo kontena) ikishakuwepo kwenye seva, unaandika faili la compose (maelekezo ya namna ya kuwasha kontena) lenye mistari kama kumi na kidogo, unapiga `docker compose up -d`, dakika mbili imewaka. Hapo ndo watu wengi wanafurahi na kurusha linki kwenye magrupu, na hapo ndo nakuomba usimame kwanza, kwasababu kuwaka sio kuwa tayari.

La kwanza, pasiwedi. Matoleo ya zamani yalikuwa yanakuja na admin kwa admin, na mafunzo mengi ya zamani mtandaoni bado yanasema hivohivo, utaandika admin admin mpaka uchoke haingii. Siku hizi inatengeneza pasiwedi yenyewe na inaionyesha mara moja tu, kwenye logi (kumbukumbu za programu), pale inapowaka kwa mara ya kwanza. Kwahiyo piga `docker logs` na jina la kontena, utaona mstari unaosema yuza admin katengenezewa pasiwedi, ikopi pale pale, ingia, ibadilishe. Ukichelewa ukaja kulitengeneza upya kontena, ile logi imeondoka na kontena la zamani na database inasema admin tayari yupo, hapo utahangaika. Na kuna njia ya kuiendesha bila kuingia kwa pasiwedi kabisa, inaitwa noauth, tafadhali usiiguse kwenye kitu kilicho hewani.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu. Kontena ni kitu cha kutupwa, faili zako hazitakiwi kuishi ndani yake. Mwaka jana nilimwekea rafiki yangu mpiga picha huduma kama hii, programu nyingine sio hii, nikasahau kuliunganisha kontena na folda ya nje, ya seva yenyewe. Kila kitu kikaenda vizuri wiki tatu, nikasema ngoja niisasishe, nikapiga `docker compose down`, nikapiga `up`, ukurasa ukaja mweupe. Picha za sendofu ya watu, zote, na kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta. Alinipigia simu hajagomba hata, alikaa kimya tu, na ule ukimya bado naukumbuka. Kwahiyo kwenye File Browser unganisha folda tatu: `/srv` ndo faili za wateja, `/database` ndo akaunti na pasiwedi, `/config` ndo mipangilio. Zote tatu. Ukiacha ya database, siku ukitengeneza kontena upya faili utazikuta ila watumiaji wote wamefutika.

Afu kuna kitu kitakukuta kwenye folda hizo. Ukiandika njia ya folda ambayo haipo, Docker inaitengeneza yenyewe, na inaitengeneza kwa jina la root (yuza mkuu wa seva), wakati File Browser ndani ya kontena inaendeshwa na yuza namba 1000. Matokeo yake inakataa kuandika chochote, na kama ni `/srv`, mteja akijaribu kupakia anaona 403 (huruhusiwi), na we unadhani umekosea pasiwedi. Dawa ni `sudo chown -R 1000:1000` kwenye folda hizo. Mi nilipoteza jioni nzima kwenye hilo, we limalize kwa sekunde kumi.

La tatu ni poti, yaani mlango ambao programu inapokelea watu wa mtandaoni. Kama una ufw (programu ya kufunga poti) kwenye seva ya Ubuntu na umefunga kila poti, usilale ukidhani uko salama, Docker ikitoa poti inapita kwenye sheria zake yenyewe, ufw haiioni. Ukiandika `8080:80` umeifungulia dunia nzima, tena kwa http tupu, pasiwedi zinapita uchi. Andika `127.0.0.1:8080:80`, hapo inasikika ndani ya seva tu, halafu mbele yake weka Caddy, programu inayowapokea wageni kwa https na kuwapeleka ndani. Caddy unaiambia jina la domeini yako (anwani ya tovuti) na mstari wa reverse_proxy wa kuwapeleka poti ile, inakwenda yenyewe kuchukua cheti cha https kwa Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, na inakihuisha kabla hakijaisha. Kama tayari una Nginx, inayofanya kazi hiyo pia, tumia hiyo hiyo, ila kumbuka kwa kawaida Nginx inaruhusu kitu kisichozidi MB 1, mtu akileta picha ya MB 6 anapigwa 413 (faili kubwa mno), ongeza `client_max_body_size`.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni namna inavyopakia. Faili kubwa inalikata vipande, kwa kawaida MB 10 kila kipande, na kipande kikikwama inajaribu tena kile kile. Kuna mwanafunzi alikuwa anatuma ripoti yenye ramani nyingi, karibu MB 80, mtandao ukayumba katikati, nikaiangalia ile asilimia imeganda kwenye 61, nikajua imekufa, kidogo ikasogea 62, ikafika. Kwa mtu anayetumia bando hilo sio jambo dogo.

Akaunti nazo zimepangwa vizuri. Kila mtumiaji unampa folda yake, na unachagua anaruhusiwa nini: kutengeneza, kubadili, kufuta, kushusha, kushea. Nilianza na akaunti moja ya wateja wote yenye ruhusa ya kupakia tu, hawezi kushusha wala kufuta. Ila ikaja kasoro, wote wanaona majina ya faili za wenzao, na jina la faili kama "barua ya kuacha kazi" tayari limeshasema mengi. Kwahiyo sasa wateja wa kudumu kila mmoja ana akaunti yake, kuna sehemu kwenye mipangilio ya kumtengenezea kila yuza folda yake moja kwa moja. Wapita njia bado wanatumia ile ya pamoja, nimewaambia waandike namba ya foleni tu kama jina la faili, na hapo naomba mwenye wazo zuri zaidi aniandikie.

Kasoro nyingine niziseme waziwazi. Haina uthibitisho wa hatua mbili, ni jina na pasiwedi basi. Wenye mradi wameandika wenyewe kwamba upo kwenye matengenezo tu, usitegemee mambo mapya. Na ina sehemu ya kuendesha komandi za seva kutoka kwenye brauza, imezimwa kwasababu za kiusalama, iache ilivyo. Kama unahifadhi faili za hospitali au za kesi za watu, hii sio yako.

Haijifutii faili yenyewe pia, kwahiyo nimeweka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba), kila usiku `find` inapita kwenye folda ya wateja na kufuta zilizozidi siku 3. Shangazi aliogopa mwanzoni, akaniuliza, mwanangu, mtu akirudi baada ya wiki je? Nikamwambia shangazi, atapakia tena. Linki tumeibandika ukutani na QR yake juu ya mashine ya fotokopi, na WhatsApp ya shangazi sasa ina salamu za ndugu tu. Faili la compose na la Caddy nimeyaweka kwenye maelezo hapo chini, badilisha domeini na majina ya folda kabla hujaliwasha.