Jedwali la alama au hesabu ya nukta?

Kwa kijana wa Mwanza anayeandika programu yake ya kwanza ya kugeuza Kiingereza kuwa nukta nundu (maandishi ya wasioona, ambayo kila alama ina hadi nukta sita zilizoinuka), njia ni mbili.

Ya kwanza ni jedwali: kila herufi na alama yake iliyo tayari. Inakamilika haraka, ila kosa hujificha. Alama za "d" na "f" ni kama mtu na taswira yake kiooni. Ukizibadilishana, programu haitalalamika.

Ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, huhifadhi namba za nukta. Nukta ya 1 hadi ya 6 zina thamani 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Jumlisha, ongeza 10240, upate namba ya alama hiyo katika Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi ya kompyuta namba yake). "m" ni nukta 1, 3 na 4: 13, yaani 10253. Mwanafunzi asiyeona anaweza kuikagua orodha hiyo mwenyewe kwa kisoma skrini, na hilo ni jambo kubwa. Ukitaka mchoro wa kutoboa kwa kibao na msumari, ambapo karatasi hutobolewa kwa nyuma kuanzia kulia, badilisha tu 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6.

Njia zote hukwama kwenye "Ferry 24". Herufi kubwa hutanguliwa na nukta ya 6. Tarakimu hutumia alama za a hadi j baada ya alama ya namba (3, 4, 5, 6), mara moja tu. Wengi huirudia kwa kila tarakimu kwa sababu programu haikumbuki ilichotoka kusoma. Weka kigezo cha "niko ndani ya namba", ukizime kwenye nafasi.