Uzoefu wangu: chui wa Mwagusi na gari lisilozimwa

Nilisubiri wiki kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Kampuni yenyewe iko hapa hapa Dodoma, inakodisha magari ya safari pamoja na dereva. Jina naliacha. Kabla sijalipa hata shilingi nilikwenda ofisini kwao, nikamweleza dada wa mapokezi kwa kituo: naenda Ruaha na mdogo wangu kupiga picha za chui. Siendi kuhesabu wanyama. Nataka dereva mvumilivu, na gari ambalo likizimwa linawaka tena. Nilitamka maneno hayo hayo, kwa sababu lenzi ndefu na injini ya dizeli inayonguruma havikai pamoja. Akaitikia, "Usijali mpenzi, magari yetu yote mazima." Nikalipa yote.

Njia haikuwa na shida. Mtera tulisimama tukala samaki, Iringa tukalala, kesho yake tukaingia hifadhini kupitia Tungamalenga. Kilikuwa kiangazi kikali, kipindi ninachokipenda, maana mto Ruaha Mkuu siku hizi hukauka kiangazi, jambo lililoanza mwaka 1993, na wanyama hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki na kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi, ambako tembo huchimba maji kwa miguu na mkonga. Chui naye hujua chakula kitakuja wapi.

Dereva nitamtendea haki hapa, kwa sababu mbele sitamtendea. Ana macho na masikio. Asubuhi ya pili tukiwa kando ya Mwagusi alisimama ghafla, akainua kidole. Tumbili walikuwa wanapiga zile kelele zao kali za kukatika-katika, wote wametazama upande mmoja. Akasogeza gari taratibu bila kutoka barabarani, akanong'ona, "Dada, tazama mkia." Mkia ulikuwa unaning'inia kwenye tawi la mti mkubwa, umetulia, ncha yake tu inajikunja na kujikunjua. Juu yake chui jike, kidevu kwenye gome, miguu imeachiwa pande zote mbili. Nilitetemeka. Miaka minne naenda hifadhini, na sikuwa nimewahi kumpata chui karibu vile, mwanga wa asubuhi ukimwingia ubavuni.

Nikaweka mfuko wangu dirishani (fundi cherehani alinishonea kwa kitenge, nikautia maharage kilo mbili), nikalaza lenzi juu yake. Lenzi ni ya milimita 600. Kwa lenzi hiyo ukishika kwa mkono kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga) isishuke chini ya 1/600 ya sekunde, la sivyo picha inatikisika, lakini chini ya kivuli cha majani mwanga haukutosha, nilikuwa kwenye 1/200. Mfuko wa maharage unabeba hilo vizuri kabisa, ila gari liwe kimya. Nikamwambia, "Kaka, zima injini."

Kimya. Nikarudia. Akasema hapana, tutaondoka sasa hivi. Nikamwambia hatuondoki. Nikapiga picha kumi, nikakuza moja kwenye skrini. Sharubu zilikuwa mbili mbili. Kila unywele wa sharubu una pacha wake pembeni, na madoa yote yameingiliana kama wino uliomwagikiwa maji. Nikamwonyesha. Nikamwomba kwa adabu mara ya tatu. Ndipo akasema neno ambalo sijalisahau: "Dada yangu, nyie watalii wa ndani mna mambo. Wazungu wenye kamera kubwa kuliko hiyo hawasumbui hivi. Kwani ya simu haitoshi?"

Haitoshi. Chui hutambulika kwa madoa yake, hakuna wawili wanaofanana, ni kama alama za vidole. Chui milia wa India wanatambuliwa vivyo hivyo kwa milia yao. Picha kali ya ubavu inaweza kusema huyu ni fulani, aliyeonekana pale mwaka jana, bado yu hai. Picha iliyotikisika inasema tu kwamba ni chui. Mimi sikwenda kuthibitisha kwamba Ruaha kuna chui.

Tukiwa bado tunabishana, injini ikakohoa mara mbili ikazima yenyewe.

Kimya kilichoingia pale sijui nikieleze vipi. Ulisikia mchanga. Chui akainua kichwa, akatutazama sisi moja kwa moja, masikio mbele. Nilipata picha tatu. Tatu tu, kisha akashuka kwa kinyumenyume, akaingia majanini.

Ndipo ukweli ukatoka. Betri imekufa, gari linawashwa kwa kusukuma, ndiyo maana hakutaka kuzima. Na filta ya dizeli imeziba. Nani anashuka kusukuma gari mahali ambapo chui amepotelea majanini dakika moja iliyopita? Tulikaa mle zaidi ya saa mbili, mbung'o wanatuuma kupitia soksi, mtandao hakuna, mpaka askari wa hifadhi walipopita wakatubusti betri kwa waya zao. Hao nawashukuru sana.

Mnaotaka kuniambia kwamba ubovu wa gari ndio ulionipa picha, mdogo wangu ameshaniambia. Ni kweli, zile tatu ndizo picha bora nilizowahi kupiga, sharubu unazihesabu moja moja. Lakini angezima mwanzoni ningekuwa na mia moja. Na tungekufa kwa kiu je?

Ofisini meneja alinisikiliza dakika mbili, akauliza, "Ila chui mlimwona?" Hela hakurudisha.

Mpwa wangu naye alitaka nimletee yule wa kwenye blanketi, mwenye milia. Nikamweleza huyo porini yuko Asia, kwetu hayupo. Kaitazama picha muda mrefu, akasema huyu wa madoa ni mzuri zaidi.

Nilikuwa nimeandika kwamba dereva huyu msimchukue kabisa. Nafuta. Tukiwa Mtera tunarudi alinieleza kwamba betri aliiripoti mara tatu, akajibiwa abebe tu, hao ni wa ndani. Kwa hiyo kampuni ndiyo msiiguse, na popote mnapokodi, dereva azime gari mbele yenu aliwashe tena kabla hamjatoa hela. Yeye mwenyewe akihamia kwingine nitamfuata, hakuna wa kusoma tumbili kama yeye. Ila aliniambia betri tulipokuwa tumeshatoka porini, si kabla, na lile neno la watalii wa ndani hajaniomba radhi mpaka leo.