Seneti ya wahadhiri: ipime kwa ajenda na kamati zake

Wahadhiri wengi huijua seneti ya chuo chao, yaani chombo cha kuamua mambo ya kitaaluma, siku kozi mpya waliyoiandika inapokwama. Tunaitathmini hapa kama huduma yoyote nyingine: inafanya nini, inaendeshwa na nani, inakwamia wapi, na lini inastahili muda wa anayetaka kugombea ujumbe.

Kazi yake kwanza. Tamko la mwaka 1966 lililoandaliwa kwa pamoja na chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, baraza la elimu la nchi hiyo na chama cha bodi za vyuo, linawapa walimu dhamana ya msingi juu ya mitaala, mbinu za kufundishia, utafiti, hadhi ya walimu wenyewe (kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, kupandishwa vyeo) na yale maisha ya wanafunzi yanayogusa masomo. Bajeti na majengo ni ya bodi na utawala. Huko seneti hushauri tu. Anayeilaumu seneti kwa mshahara uliochelewa amegonga mlango usio wake.

Muundo unatofautiana sana. Oxford wanacho chombo kiitwacho Congregation, chenye wajumbe zaidi ya 5,000, na ndicho chenye kauli ya mwisho. Mwaka 1985 kilimnyima Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, shahada ya heshima kwa kura 738 dhidi ya 319. Hakuna kamati ya watu kumi ambayo uamuzi wake ungekuwa na uzito ule. Lakini umati wa namna hiyo hauwezi kukaa kuchambua kozi moja moja, kwa hiyo kazi ya kila siku hufanywa na vyombo vidogo chini yake. Vyuo vingi vilivyorithi mfumo wa Uingereza vina seneti ya watu wanaoingia kwa nyadhifa: mkuu wa chuo kitini, wakuu wa vitivo, wakuu wa idara, maprofesa, na wawakilishi wachache wa kuchaguliwa. Maamuzi hutoka haraka. Kasoro yake ni kubwa, maana anayepaswa kuhojiwa ndiye anayeongoza kikao.

Aina ya tatu, iliyozoeleka Marekani, ni ya wajumbe wanaochaguliwa na vitivo kwa kura ya siri. Tunaipendelea hii, mradi hesabu ya viti ifanywe vizuri. Kanuni ikisema mjumbe 1 kwa kila wahadhiri 30, kitivo chenye watu 240 kinapata viti 8 na chenye watu 14 hakipati hata kimoja. Dawa yake ni kuweka kiwango cha chini, tuseme viti 2 kwa kila kitivo, ndipo uwiano uanze kuhesabiwa. Muhula uwe wa miaka 3, theluthi moja ikibadilishwa kila mwaka. Wote wakiondoka pamoja, seneti mpya hutumia miezi ikijifunza kanuni huku utawala ukiendelea kuamua. Wahadhiri wa mkataba nao wapewe viti. Katika vyuo vingi wao ndio wanaobeba madarasa mengi, na mtaala unaopangwa bila wao hukosa sauti ya wanaoufundisha.

Lakini idadi ya viti haiamui nguvu ya seneti. Nguvu iko kwa anayeteua kamati na anayepanga ajenda. Chuo Kikuu cha California kinaonyesha hivyo: hadi mwaka 1919, rais wa chuo hicho, Benjamin Ide Wheeler, ndiye aliyeteua kamati za seneti. Walimu walidai haki hiyo wakaipata mwaka 1920, na mpaka leo kwenye kampasi yake ya Berkeley kuna kamati inayochaguliwa na walimu ambayo kazi yake ni kuteua wajumbe wa kamati nyingine. Texas imeelekea upande wa pili. Sheria ya jimbo hilo iliyoanza kutumika Septemba 2025 inaweka ukomo wa wajumbe 60, isipokuwa bodi iamue vingine, na inampa rais wa chuo mamlaka ya kumteua mwenyekiti. Mwenyekiti wa kuteuliwa anajua nani anaweza kumwondoa. Hilo peke yake linatosha kuzima hoja nyingi kabla hazijafika mezani.

Sasa ile kozi iliyokwama. Njia ya kawaida ni idara, bodi ya kitivo, kamati ya mitaala, kisha seneti. Kamati ya mitaala ndipo andiko hurudishwa, na sababu ni zilezile: saa za mihadhara hazilingani na idadi ya krediti, masharti ya kozi za awali hayakutajwa, au idara jirani yenye kozi inayofanana haikuulizwa. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu pingamizi huibuka ukumbini mbele ya wote na hoja huahirishwa. Pata barua ya ridhaa ya idara hiyo kabla ya kuwasilisha. Kamati ikikutana mara moja kwa mwezi, kuchelewa siku mbili kunagharimu mwezi mzima; tarehe ya kufunga orodha ya kozi ikipita, ni mwaka.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, nayo huua vikao. Seneti ya watu 60 yenye akidi ya nusu na zaidi inahitaji 31 ukumbini. Saa ya pili wanabaki 28, mjumbe mmoja anaomba wahesabiwe, na hakuna tena cha kupigiwa kura. Hoja nzito ziwekwe mwanzoni, taarifa za viongozi zisambazwe kwa maandishi.

Kura ya kutokuwa na imani haimfukuzi mtu, kwani mwajiri ni bodi. Machi 2005 walimu wa kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard waliipitisha dhidi ya Lawrence Summers, rais wa chuo hicho, kwa kura 218 dhidi ya 185; alibaki ofisini, akatangaza kujiuzulu Februari 2006.

Kabla ya kugombea, omba mihtasari ya vikao vitatu vilivyopita. Tazama ni hoja ngapi zililetwa na wajumbe wenyewe na ngapi na utawala, na kama maazimio yalipewa majibu ya maandishi. Hoja zote zikiwa za utawala na safu ya majibu ikiwa tupu, peleka nguvu zako kwenye kamati ya mitaala ya kitivo.