Glavu ya mtumba ya Mwanjelwa, mkononi mwa kijana mrefu

Glavu hii nimeipata Soko la Mwanjelwa, kwa muuza mabegi ya mtumba. Madukani Mbeya mjini ukiulizia glavu ya besiboli unaletewa ya golikipa, au ya kuoshea vyombo. Za besiboli hujificha ndani ya belo la mabegi, zimebanwa bapa kama chapati. Muuzaji mwenyewe aliinadi kuwa ni ya kushikia sufuria. "Dada, mali ya Japani hiyo, elfu ishirini na tano." Tulimalizana kwa kumi na tano.

Chapa imechubuka haisomeki, kwa hiyo msiniulize kampuni. Nimeipima kwa futi kamba, kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kisigino cha kiganja: inchi 11 na nusu. Hicho ndicho kipimo hasa cha wachezaji wa uwanja wa ndani, yaani wanaosimama karibu na beisi, vile vituo vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia kwa zamu. Sheria za ligi kuu ya Marekani zinaruhusu glavu ya mchezaji wa kawaida kufika inchi 13, na nyingi za wale wa nyuma kabisa hukaribia hapo.

Nilikuwa nainunulia shotistopu wangu, kijana wa kidato cha tatu ambaye milango mingi anaipita kwa kuinama. Kwa msiojua, huyo ndiye anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu, upande ambao wapigaji wa mkono wa kulia hupeleka mipira mingi ya chini. Kila anayemwona kwa mara ya kwanza ananipa ushauri uleule: Madam, huyo mweke beisi ya kwanza, au awe mrushaji anayemtupia mpigaji mpira, na kama lazima abaki pale, basi mpe glavu kubwa ilingane na mwili. Hoja yao ina mantiki. Mpira wa chini unamtaka mtu afike chini haraka, na mwenye miguu mirefu ana safari ndefu ya kushuka.

Ila hawaangalii jinsi anavyoitumia hiyo miguu. Wanamwangalia mkono tu, kwa sababu anarusha kwa nguvu na mpira unalia ukifika beisi ya kwanza.

Juzi hapa mpira ulipigwa chini, kuliani kwake, kwenye sehemu ya kiwanja chetu yenye kokoto. Mpira wa pale unaruka unavyotaka wenyewe. Wengi wangerudi nyuma hatua moja wausubiri, na hapo ndipo unapokupiga kidevuni. Yeye alikuwa ameshaanza kusogea kabla sijausikia mlio wa gongo. Akavusha mguu wa kushoto, akashusha nyonga badala ya kukunja mgongo, na glavu ikawa imeshafika ardhini, mdomo wazi, mgongo wa vidole ukigusa vumbi. Glavu iliyoanzia chini inaweza kupanda ikiufuata mpira ukiruka. Iliyoanzia juu huwa imechelewa. Kwa urefu wa mkono wake aliuwahi palepale ulipogusa ardhi, kabla haujapata nafasi ya kufanya ujinga. Kisha akarusha, zaidi ya mita 35 hadi beisi ya kwanza, mpira umtangulie mpigaji anayekimbilia hapo. Waliokaa kwenye majani wakashangilia urushaji.

Hapa ndipo udogo wa glavu unapolipa. Mfuko wake ni wa kina kifupi, mpira hauzami. Mkono wa kulia ukiingia unaukuta pale pale, chini ya kidole cha shahada, na kutoka kudaka hadi kurusha hakuna kupapasa. Kijana mrefu tayari ana mikono ya kufikia mbali, hahitaji inchi moja ya ziada ya ngozi. Anachohitaji ni mpira kutoka haraka, kwa kuwa mkono mrefu unachukua muda zaidi kuzunguka kabla ya kuachia. Glavu kubwa ingemwongezea kile alichonacho na kumpunguzia kile kinachomsumbua.

Tena si wa kwanza kudharauliwa kwa sababu ya kimo. Cal Ripken Jr. wa Baltimore Orioles, timu ya ligi kuu ya Marekani, alikuwa na futi 6 na inchi 4. Mwaka 1982 alihamishwa kutoka beisi ya tatu kwenda shotistopu, nafasi iliyohesabiwa kuwa ya watu wadogo wepesi. Alijipanga mapema kwa kumjua mpigaji na mpira unaokuja kurushwa, hivyo hakulazimika kukimbia sana. Msimu mzima wa 1990 aliandikiwa makosa matatu tu, yaani mipira aliyopaswa kuimaliza akaiharibu, na bado tuzo ya glavu ya dhahabu, ya mlinzi bora wa nafasi yake, ikaenda kwa Ozzie Guillén wa Chicago White Sox. Ripken akaipata 1991 na 1992. Vijana wangu hawamjui. Wao ni Elly De La Cruz wa Cincinnati Reds, Mdominika wa futi 6 na inchi 5, aliyeiba beisi 67 mwaka 2024, yaani alikimbilia beisi ya mbele bila kusubiri mpira upigwe. Mwaka huohuo aliandikiwa makosa 29, na wengi wakaishia hapo. Lakini kosa kwa kawaida huandikwa kwa mpira uliofikiwa. Asiyeufikia kabisa haandikiwi kitu, mpira unapita na wanasema umepigwa vizuri.

Turudi kwenye bidhaa, maana ina kasoro na moja ni kubwa. Kiganjani ina maandishi ya Kijapani; niliyapiga picha kwa simu na kuona ni glavu ya mpira wa raba. Japani wana besiboli ya mpira mgumu na ya mpira wa raba, na glavu ya raba ngozi yake huwa nyepesi. Sisi tunatumia mpira mgumu, wa gramu 142 hadi 149, na ukidaka katikati ya kiganja utaimba kwa maumivu. Nimekata kipande cha soli ya ndala laini nikakiweka ndani. Kimesaidia, hakijamaliza.

Kamba mbili za vidole zilikuwa zimeoza. Fundi viatu mmoja wa Mafiati aliziondoa akapitisha ngozi mpya kwa elfu tano, baada ya kuniuliza mara kadhaa hiki kiatu kinavaliwaje. Kazi yake ni safi kuliko ya kiwandani. Halafu kuna hali ya hewa ya kwetu: Juni na Julai baridi inaikaza ngozi, ukifika Septemba ukavu unaipasua. Colorado Rockies, timu ya Denver huko Marekani, mji ulio karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya imeupita, walianza mwaka 2002 kuhifadhi mipira yao mahali penye unyevu kwa sababu ya ukavu huohuo. Sisi tuna mafuta ya mgando. Paka kidogo, futa, weka mpira mfukoni mwa glavu, ifunge na kamba usiku. Usiilowanishe na usiianike juani.

Kwa kijana huyu naipa nne kwa tano. Kwa mwanafunzi anayeanza, ambaye bado anadaka kwa kiganja, ningeipa mbili. Itamuumiza aache mchezo.

Mkienda kutafuta, nendeni asubuhi belo likifunguliwa, na msitaje besiboli, bei itapanda. Nuseni ndani: yenye harufu ya ukungu ngozi yake imeshakufa. Vuteni kila kamba. Na hakikisheni inavaliwa mkono wa kushoto, kwa sababu shotistopu karibu wote hurusha kwa kulia. Ya kuvaa kulia iacheni hata mkipewa kwa elfu tatu, labda muwe na mtu wa beisi ya kwanza anayetumia shoto.