Birika la kuni lenye bomba katikati: la kuchemshia maji, si la kupikia

Aliyewahi kunywa chai ya samawari ya mkaa atalielewa birika hili kabla hajaelezwa. Katikati ya chombo limepita bomba, maji yanalizunguka bomba hilo, na joto ambalo kwenye mafiga lingepotelea pembeni mwa sufuria hulazimika kupita ubavuni mwa maji mpaka litokee juu. Samawari, hata hivyo, hukaa barazani ikatunza makaa yake taratibu, ilhali birika la kuni limeundwa kwa ajili ya mtu aliye njiani, asiye na mkaa wala gesi, ambaye upepo unamvumia na anataka maji ya moto wakati huohuo. Langu ni la chuma cha pua, ujazo wake ni lita 1.2, na nimelitumia kwa miaka miwili, kambini milimani na nyumbani Tanga.

Umbo hili si jipya. Nchini Ayalandi, familia ya Kelly ya kaunti ya Mayo inahesabu asili ya mabirika yake tangu miaka ya 1890, kwa wavuvi wa ziwa Conn waliohitaji chai ya haraka ufukweni penye mvua. New Zealand nako John Hart alibuni la kwake, Thermette, mwaka 1929, na wanajeshi wa nchi hiyo walilibeba hadi jangwa la Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaonyesha chombo kilizaliwa kwa kazi gani: kuchemsha maji mahali pasipo na kuni za maana.

Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Agosti iliyopita tulipiga kambi kwenye shamba la rafiki juu ya Lushoto, ukungu umeshuka hadi magotini na kuni zote zimelowa umande. Mwenyeji wetu alihangaika na mafiga yake matatu karibu nusu saa, macho yamemwiva kwa moshi. Mimi niliokota chini ya misonobari konzi tatu za vijiti vyembamba kama penseli, pamoja na matunda makavu ya mti huohuo, nikaweka sindano kavu za msonobari kwenye bakuli la moto linalokaa chini ya birika, nikaelekeza tundu la bakuli upande unakotoka upepo, nikawasha, kisha nikalisimamisha birika juu yake likiwa tayari limejaa maji. Kwa dakika moja ulitoka moshi mzito mweupe. Halafu bomba likaanza kuvuta hewa, ukasikika mvumo mzito kama wa mvukuto wa mhunzi, moshi ukakatika na ulimi wa moto ukachomoza juu ya birika. Kutoka hapo kazi ni kudondosha kijiti kimoja kimoja kwa juu, ndani ya bomba. Maji yalichemka kabla ya dakika sita kutimia, na siku za upepo yamewahi kuchemka chini ya tano, maana upepo unaozima majiko mengine ndio unaolichochea hili.

Nyumbani limenifaa zaidi ya huko milimani. Msimu wa masika uliopita umeme ulikatika siku mbili, mtungi wa gesi ukaisha usiku wa kwanza, na maji ya bomba yakaanza kutoka na rangi ya udongo. Jirani yangu ana mtoto wa miezi mitano anayenyonya chupa. Tuliyachuja maji kwa kitambaa safi cha pamba, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi tope wala kemikali, kisha tukayachemsha uani chini ya mwembe kwa vipande vya vifuu na makumbi yaliyobaki jikoni. Tulijaza chupa mbili za chai, na mama yule akaondoka na maji ya kumtosha mtoto mpaka asubuhi. Kwa maji ya kunywa msikimbilie kuliepua mara tu mvuke unapotoka: yanapaswa kutokota kwa dakika moja kamili, na mkiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Sasa hatari zake, ambazo muuzaji mwenye haraka hazitaji. Kizibo kinachokuja na birika ni cha kubebea maji baridi tu. Birika likiwa motoni lazima kiwe kimetolewa, la sivyo mvuke hukosa njia na kizibo huruka pamoja na maji yanayochemka. Halipashwi moto likiwa tupu hata kwa nusu dakika, kwa sababu maji ndiyo yanayozilinda kuta zake. Halijazwi hadi mdomoni, maana hutema maji na kuuzima moto wake lenyewe. Linapoepuliwa, mpini unyooshwe pembeni na kushikwa kwa mikono miwili, ili mkono usipite juu ya bomba. Niliwahi kusahau hilo mara moja, nikiwa nazungumza na mgeni, na vinyweleo vya mkono wangu wa kulia viliungua vyote. Zaidi ya yote, lisiwashwe ndani ya hema wala chumbani, hata mvua ikinyesha vipi, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni vile viambatisho vya kupikia. Huuzwa vyuma vya kutegesha sufuria ndogo juu ya bomba au juu ya bakuli la moto, na picha zake huonyesha mlo kamili. Nimekaanga mayai, nimepasha mchuzi, basi. Ugali unataka kusongwa, na hakuna namna ya kuusonga kwa nguvu juu ya kitu kinachoyumba. Maharage ndiyo kabisa. Anayetaka kupika atafute jiko dogo la kuni la kuta mbili, ambalo hewa yake hupata joto kati ya kuta na kutokea kwenye matundu ya juu, ikaunguza moshi kabla haujatoka. Hilo nalo lina adha yake, kwani hula vijiti kila baada ya dakika chache, na la bei nafuu nililoagiza mtandaoni lilipinda miguu kwenye safari ya pili.

Mpanda mlima asilinunue kwa ajili ya Kilimanjaro, kwa kuwa moto wa kuni hauruhusiwi hifadhini humo. Bei yake pia ni mara kadhaa ya jiko la mkaa la bati, na bado ningelinunua tena kwa ajili ya siku zile mbili za masika peke yake.

Masizi ya ndani ya bomba siyasugui, hayadhuru kitu. Ninachoshughulikia ni ukoko mweupe wa chumvi unaoachwa na maji ya kisima: maji ya ndimu mbili, yakichemshwa na kuachwa usiku kucha, huung'oa. Kisha nalikausha likiwa limeinamishwa, nalirudisha mfukoni mwake, na juu ya rafu hiyohiyo naweka kiroba cha vifuu vikavu na kibiriti kilichofungwa kwenye nailoni.