Boksi lipi la spika la gitaa linafaa nyumbani? Spika moja ya inchi 12 inatangulia

Kama unapiga gitaa chumbani na kurekodi kwa maiki, nunua boksi lenye spika moja ya inchi 12. Nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu. Wengine tukae kidogo, kwa sababu boksi ndilo watu wengi hulikosea, na si kitu cha kubadilisha kila mwezi.

Maiki ikisogezwa karibu na boksi, haisikii boksi zima, inasikia spika moja. Weka maiki ya Shure SM57 sentimita mbili au tatu mbele ya kitambaa cha boksi lenye spika nne: karibu kila kitu kinachoingia kwenye rekodi kinatoka kwenye ile spika iliyo mbele yake. Zile tatu unazilipia, unazibeba na kuzitafutia nafasi, lakini msikilizaji wako hazimfikii.

Kinachobadilisha rekodi ni pale maiki ilipokaa. Vaa hedifoni, mwombe mtu asogeze maiki polepole kutoka katikati ya spika kwenda ukingoni huku wewe unapiga kodi ileile. Katikati kabisa sauti inachoma, kila mkwaruzo wa kipiki unasikika. Pale kile kifuniko cha duara cha katikati kinapokutana na karatasi ya spika, ukali unalegea na noti inapata mwili. Ukingoni inakuwa nzito na yenye giza. Spika haikubadilishwa, amplifaya haikuguswa.

Jambo la pili linawapoteza hata wazoefu. Sauti nyembamba za spika ya gitaa hutoka zikielekea mbele kama mwanga wa tochi. Boksi likiwa sakafuni nawe umesimama, zinapita kwenye magoti yako. Unaona sauti imefifia, unaongeza ukali kwenye amplifaya, kisha rekodi inatoka inakata masikio. Boksi la spika moja unalinyanyua kwa mikono yako na kuliweka juu ya stuli, likuelekee usoni. La spika nne utalinyanyuaje?

Sasa, boksi hilo la inchi 12 liwe la namna gani? Likiwa wazi nyuma, sauti inatoka pande mbili na kukijaza chumba, ila besi inakuwa nyepesi. Linawapendeza wapigaji wa sauti safi, na lisibanwe ukutani. Likifungwa nyuma, besi inakaza, nzuri kwa sauti ya kukwaruza. Mimi napendelea lenye ubao wa nyuma unaofunguliwa kwa skrubu, maana ladha ya mtu hubadilika. Lisiwe dogo kupita kiasi: spika ya inchi 12 iliyobanwa ndani ya kijiboksi kilichofungwa hutoa sauti ya kwenye kopo.

Pesa iliyobaki iweke kwenye spika yenyewe, na usome namba zake. Spika ya Vintage 30 ya kampuni ya Celestion hutoa desibeli 100 kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. G12M-65 Creamback, ya kampuni hiyohiyo, hutoa 97. Tofauti hiyo ya desibeli 3 ni sawa na kupunguza nguvu ya amplifaya kwa nusu. Mwenye majirani ukuta kwa ukuta achague ile ya namba ndogo. Wati za spika nazo zizidi za amplifaya. Greenback, spika nyingine ya Celestion, ya wati 25 peke yake usiifunge kwenye amplifaya ya wati 50.

Nafasi ya pili naipa boksi la spika mbili za inchi 12, hasa kwa anayepiga pia na bendi. Uzuri wake mkubwa ni kuweka spika mbili tofauti, kila moja na maiki yake, kisha kuchanganya. Hapo angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika: mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa 4, zikiungwa mfululizo zinakuwa 16. Amplifaya ya valvu ichomekwe kwenye tundu lenye namba ileile, na isiwashwe kamwe bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti. Waya uwe wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba kwa kazi hiyo.

La tatu ni la inchi 10: jepesi, linajibu haraka, besi yake haitoshi kwa rifu nzito. La nne ni inchi 8, kipimo cha amplifaya ndogo ya Fender Champ ya wati 5. Kwenye maiki lina utamu wake, lakini kama ndilo boksi lako pekee litakubana.

Mwisho kabisa, boksi la spika nne. Lilizoeleka miaka ya 1960, wakati spika moja ilibeba wati chache na amplifaya kubwa ilibidi igawiwe spika kadhaa. Mimi nilianza nalo kwa sababu ndilo nililoliona jukwaani. Lilichukua kona nzima ya chumba, na amplifaya sikuwahi kuipandisha kupita alama ya 2. Sauti niliyoitaka inaanzia 5. Kwa chumba cha kulala silipendekezi kwa mtu yeyote.

Ukinunua lililotumika, nenda na mita ya fundi. Spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7; ya omu 16, kama 12 au 13. Isiposoma kitu, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekatika. Kisha sukuma karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, ukiwa umetega sikio. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili inagusa sumaku. Liache.