Koti la maji la kabureta kwenye jairo yangu: kifaa kizuri, muuzaji hovyo

Nyota mbili, na ya pili nimeitoa kwa shingo upande. Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho sana. Ugomvi wangu ni na yule bwana aliyepokea simu.

Nilinunua jozi ya makoti ya maji, yaani vifaa vya kupasha kabureta moto isigande barafu, kwa ajili ya injini ya Rotax 912 iliyo kwenye jairo niliyoiunda mwenyewe hapa Oregon, Marekani. Bei na vipimo mtavikuta kwao. Kwa asiyeijua jairo: ni ndege ndogo yenye mapanga juu, lakini si helikopta, ingawa kila jirani anayepita mbele ya gereji yangu huiita hivyo. Mapanga ya juu hayazungushwi na injini, yanazungushwa na upepo tu. Injini inasukuma kwa propela iliyo nyuma. Mhispania Juan de la Cierva alifanikiwa kurusha ya kwake mwaka 1923, na hadi leo bado naulizwa leseni ya helikopta nimeipata wapi.

Nikiwaambia ndugu zangu wa Dar kwamba kabureta inaganda barafu, wanacheka. Wanadhani mpaka theluji idondoke. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa ikibanwa kwenye koo la kabureta inazidi kupoa. Joto linaweza kushuka nyuzi 20 hadi 30 palepale, wakati mwingine hata zaidi, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 12 yenye unyevu, kooni tayari ni chini ya sifuri. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inaonya kwamba hata nje kukiwa na nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50 bado barafu inaweza kutokea. Dar nayo haijasalimika, basi. Ukitumia petroli ya sheli badala ya ile ya ndege hatari inaongezeka, maana inageuka mvuke kwa urahisi zaidi. Na pabaya kuliko pote ni pale unapopunguza mafuta ili ushuke: kile kipepeo cha kabureta kinakuwa kimekaribia kufunga, upenyo ni mdogo, barafu kidogo tu inauziba.

Ndege ya kawaida injini yake imefunikwa, angalau inapumua hewa yenye uvuguvugu. Ya jairo yangu iko uchi mgongoni kwangu, chujio za hewa zimepachikwa moja kwa moja kwenye kabureta. Bonde hili la Willamette nalo kwa ukungu halijambo. Majira ya machipuko injini ilinianzia kumisi nikiwa nashuka, resi zikaporomoka, nikatua kwenye shamba la mbegu za nyasi, ambazo huku zimejaa kila upande. Jairo ikizimikiwa na injini inashuka mapanga yakiendelea kuzunguka, sikupata hata mchubuko. Mwenye shamba ndiye aliyekasirika.

Wengi walinishauri nitumie hewa ya moto kutoka kwenye eksozi. Sikutaka. Hewa ya moto ni nyepesi, inakula nguvu, na inahitaji boksi, mlango na waya wa kuvuta ambao utausahau siku unayouhitaji. Isitoshe, ukishusha resi eksozi inapoa haraka, yaani moto unakukimbia wakati wenyewe. Koti la maji ni kipande cha alumini kinachovishwa kwenye mwili wa kabureta, na yale maji ya moto yanayotoka kwenye silinda hedi yanapita ndani yake muda wote. Huna cha kuwasha wala kuzima. Nikasema hiki ndicho.

Boksi likafika. Koti la kushoto lilikaa sawasawa. La kulia, kile kiskrubu cha kulibana kilizunguka kikazunguka bila kushika: tundu lake lilikuwa limeliwa meno tangu kiwandani. Unaweza kusema skrubu ni kitu gani. Nyuma ya injini yangu kuna propela! Chochote kinacholegea, klipu, nati, kipande cha alumini, hakidondoki chini, kinaingia kwenye propela, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kweli. Fundi wa mtaa wa Gerezani kule Dar angeona aibu kukukabidhi kitu cha namna hiyo.

Nikapiga simu. Bwana akanisikiliza nusu, kisha akauliza natokea wapi kwa lafudhi hii. Nikamjibu. Akasema, "Rafiki yangu, huko kwenu barafu mmeiona wapi? Hii kitu wengi wanafunga kwa wasiwasi tu." Nikanyamaza kwanza. Mtu anauza kinga ya barafu na yeye mwenyewe haamini barafu! Nikamrudisha kwenye skrubu. Akaniambia nifunge koti moja, lile zima, "moja linatosha."

Hapo ndipo damu ilinichemka. Hii injini ina kabureta mbili, kila moja inalisha silinda mbili za upande wake. Ukipasha moja moto na nyingine ukaiacha igande, upande mmoja unavuta na mwingine unasuasua, injini nzima inatetemeka na giaboksi ndiyo inayopokea kipigo. Afadhali kukosa yote mawili kuliko kuwa na moja. Nilimweleza taratibu, kama ninavyomweleza mwanangu. Akaniita rafiki yangu tena, na kwa jinsi alivyolitamka nilijua ananidharau. Akakata simu.

Nilipopiga baadaye alipokea mama mmoja. Hakuniuliza kwetu. Aliuliza tundu gani, akacheka kidogo, akasema wameshapata lalamiko la namna hiyo, na koti jipya likaja. Nikalifunga, nikaweka kila mahali waya wa usalama, ule wa kuzuia skrubu zisilegee, nikatoa hewa kwenye mipira ya maji hadi nikaridhika.

Sasa niseme kweli, maana kweli haina budi kusemwa: linafanya kazi. Asubuhi zilezile za ukungu nashuka resi zikiwa chini, injini inaimba vilevile, na kwenye kupanda sijaona nguvu iliyopungua. Ukishika mwili wa kabureta baada ya kutua unasikia vuguvugu. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne. Nilikuwa nimeshaziandika nne.

Kisha nikatazama risiti. Kasoro ya kiwandani kwao, lakini gharama ya posta ya lile koti la pili wamenikata mimi. Nikazirudisha mbili.

Mkitaka kununua nunueni, sitawazuia, mbadala wa maana sijauona. Ila boksi likifika jaribuni kila skrubu kwa mkono kabla ya kumwaga maji ya injini. Na mkipiga simu mkaitwa rafiki yangu, kateni, subirini, pigeni tena mpaka apokee yule mama.